Mwezi Niliofunga Mwanga

Wewe uliyeambiwa wiki hii kwamba kidonda cha mdomoni mwako si kidonda cha kawaida, kaa kitako kwanza. Iache chai ipoe, maana ya moto itakuuma, nami nikueleze yangu. Mimi si daktari. Skuli nilikwenda kidogo tu, chuoni nikahitimu Kurani, nikaolewa, na hizi herufi za Kizungu nimejifunza ukubwani hapa Ilford, katika darasa la kina mama la kila Jumanne. Kwa hiyo usitafute hapa habari za namna dawa inavyofanya kazi. Walinieleza mara tatu, na mara ya kwanza nilifahamu vibaya nusura initoe roho. Hilo ndilo nitakalolisema kwa urefu, maana huenda na wewe ukafahamu vibaya kama mimi.

Jina langu Mize. Kwetu Pemba. London tulikuja zamani, mimi na mume wangu, na mtoto wetu mmoja, Nasra, akazaliwa hapa hapa. Mume wangu jina lake silitaji, si kwa sababu yoyote ila sijazoea. Mimi namwita Baba Nasra na yeye ananiita Mama Nasra, na siku tukiitana majina yetu ujue kuna ugomvi.

Kazi yangu ilikuwa kufagia maofisi, na baadaye kuwaangalia wazee. Lakini kazi yangu hasa, ile ambayo watu wananijulia, ni hadithi. Harusini, au mtoto akitolewa arubaini, wanawake wakishakula na kunawa, huwa wanageuka wote wanitazame. "Haya Bi Mize, tupe." Nami nawapa. Nimewahi kusimulia kuanzia adhuhuri mpaka bwana harusi akachoka kungoja mlangoni. Huo ulimi ndio mali yangu, sina nyengine.

Sasa nikwambie la aibu kabla sijalisahau. Nilikuwa natafuna tambuu. Nilianza nikiwa mwari, na nilipokuja huku nikidhani nitaacha. Kumbe kule Kingsbury wako Wahindi wetu wa Afrika Mashariki, na dukani kwao majani mabichi yanaletwa kwa ndege, popoo ipo, chokaa ipo, katu ipo, na tumbaku ipo. Nikawa napanda treni mbili kwa ajili ya uraibu wangu. Daktari aliponiuliza kama natafuna chochote nilisema hapana. Nasra alikuwa ndiye mfasiri wangu, na nikasikia anafasiri maneno mengi kuliko yale niliyosema. Nilimwuliza, "Umemwambia nini?" Akasema, "Nimemwambia ndiyo, tangu kabla sijazaliwa." Basi wewe sema kweli mwenyewe, usimwachie mwanao.

Kidonda kilianza majira ya joto, ubavuni mwa ulimi, upande wa kushoto, nyuma kabisa, pale ambapo tambuu ilikuwa inapenda kukaa. Nikakisukutua kwa maji ya chumvi, nikakipaka asali, nikakisomea. Ulipotimia mwezi wa tatu tangu kianze, nikaona nikimeza mate, sikio linauma. Nasra akanipeleka kwa nguvu.

Chumba cha kungojea katika hospitali ile kilikuwa chini ya ardhi, hakina dirisha. Viti vya plastiki vimeshikana, huwezi kumsogelea mwenzako wala kumkimbia. Watu wa ugonjwa wa mdomo hawazungumzi. Kila mtu ameinama, anatazama viatu. Mimi nilikaa pale asubuhi nne tofauti kabla sijapata jibu, na asubuhi zote nne nilihesabu viatu, na nakuhakikishia kwamba wenye viatu vilivyong'arishwa vizuri ndio waliokuwa na hofu zaidi. Baba Nasra alikuwa amevipiga dawa vyake mpaka vinaakisi taa.

Wakakata kinyama, wakakipima, wakatuita. Daktari alikuwa mwanamke mwenye madoadoa uso mzima kama yai la kanga, mikono baridi, na macho mapole. Alisema ni saratani. Neno hilo Nasra hakulifasiri, alilinyamazia, nami nikalifahamu kwa kule kunyamaza kwake. Halafu daktari akasema kuna njia mbili. Njia ya kwanza ni kukata, na wakikata watachukua kipande kikubwa cha ulimi, nitakula kwa shida, na kusema kwangu hakutakuwa kama zamani. Njia ya pili ni dawa mpya, wanaijaribu kwa watu wachache. Hawaahidi. Ikishindwa, watarudi kwenye kisu.

Hapo akaanza kueleza hiyo dawa, na Nasra akawa anafasiri. Nitaandika kama alivyosema, maana kila neno nalikumbuka.

"Mama, hii dawa ina chuma ndani yake. Wanakupiga sindano, inaingia, inalala tu. Halafu wanakupiga taa mdomoni. Ikiona taa inaamka, inaenda inashika jini, inainyamazisha."

"Inashika nini?"

"Jini. Iko jini moja mbaya kwenye ulimi. Daktari ameiona."

"Ameiona kwa macho yake?"

"Kwenye mashine, Mama. Anasema labda umerithi."

Wewe unayesoma, kama umesoma, unacheka. Nasra alizaliwa London. Kiswahili anakisikia, lakini ukimsemesha anajibu Kiingereza, na siku ile alikuwa anajitahidi. Waingereza kile kitu kidogo ndani ya mwili kinachokufanya ufanane na mama yako wanakiita kwa neno linalokaribia sana jini, na yeye hakuwa na neno jengine, akalitia i mwishoni akanipa. Hakujua anachonipa.

Maana mimi jini namjua. Bibi yangu mzaa mama, Bi Time, alikuwa na jini wa kurithi. Hakuwa na shari. Akimpanda bibi alitaka haluwa, marashi, na watu wakae kimya wamsikilize, basi. Hapo bibi anaanza hadithi ambazo hakuna aliyewahi kuzisikia, na asubuhi mwenyewe hazikumbuki. Alipokufa, wakubwa walinitazama mimi niliyekuwa kigori, nikisimulia mpaka watu wanaacha chakula kipoe, wakasema, jini keshapata pa kukaa. Mimi sijawahi kupandwa na kitu chochote maishani mwangu, lakini sikuwahi kubisha pia. Baba Nasra hapendi niandike haya, anasema ushirikina. Lakini nimekuahidi kweli, na kweli ni kwamba niliamini hadithi zangu zina mwenyewe, nami ni mlango tu.

Sasa fikiri. Daktari wa Kizungu ananiambia ulimini mwangu mna jini, huenda nimemrithi, na watamkamata kwa chuma na mwanga. Chuma! Nasra mwenyewe alipozaliwa nilimlaza na kisu chini ya godoro siku arubaini ili majini yasimsogelee, nesi aliyekuja kumpima alikiona nusura aite polisi. Kila kitu kilikaa mahali pake. Nilifikiri, alhamdulillahi, hawa watu hatimaye wamefahamu.

Halafu nikaogopa. Maana yule wa kwetu hanyamazishwi. Huyo huulizwa kwa adabu anataka nini, akapewa. Na akinyamazishwa, mimi nitasimulia nini? Nikaona njia zote mbili ni moja. Huku wananikata ulimi, huku wananiachia ulimi mtupu.

Nikamwambia Nasra, "Mwambie daktari asimnyamazishe. Amwulize kwanza anataka nini."

Nasra alinitazama, uso ukamwiva. Akamwambia daktari maneno mafupi sana. Daktari akaitikia kwa kichwa, kwa upole, akairudisha karatasi ya kutia sahihi ndani ya faili. Tukaenda zetu.

Wiki tatu zikapita hivyo. Daktari akidhani nafikiri, mimi nikidhani daktari anafikiri. Majani ya barabarani kwetu yakageuka rangi, yakaanguka, yakaoza kwa mvua. Kidonda kikakua. Mkate ukawa unanichoma. Nilianza kutafunia upande wa kulia, halafu nikaacha kutafuna, nikawa nakunywa uji na supu, nguo zikawa zinanizunguka. Usiku nilikuwa nageuzia uso ukutani ili Baba Nasra asisikie ile harufu. Hakuna anayekwambia habari ya harufu. Mimi nakwambia. Si kosa lako, na mtu anayekupenda ataisikia na atalala pale pale.

Baba Nasra alinibana siku moja, baada ya sala ya alasiri, kwa nini sijatia sahihi. Nikamwambia yote, mpaka Bi Time na haluwa yake. Alikasirika kwanza. Alitembea mpaka jikoni akarudi, mpaka jikoni akarudi. Halafu akakaa kitandani ubavuni mwangu, akasema, "Mama Nasra, mimi nimezisikiliza hadithi zako miaka thalathini. Nyengine nimezisikia mpaka nazichukia. Wakikubakishia ulimi wa kusema njoo na nenda, mimi unanitosha."

Nikamwambia, "Najua wewe nitakutosha. Mimi je, nitajitosha?"

Alinishika mguu, maana ndio uliokuwa karibu, akakaa ameushika muda mrefu kama mtu anayengoja treni ameshika mzigo wake.

Aliyeniokoa ni mwanamke mwenye mopu.

Walituita tena hospitali, tuseme tumekata shauri gani. Nasra akapanda juu kutafuta chai. Mimi na Baba Nasra tukabaki kwenye viti vile vya plastiki, tunabishana kwa sauti ya chini, yeye ananiambia jini hana nguvu mbele ya Mwenyezi Mungu, mimi namwambia hilo nalijua, lakini nani atanipa hadithi. Karibu yetu alikuwako mwanamama mnene, mweusi, kitambaa cha maua kichwani, anasafisha sakafu. Nikaona mopu imesimama.

"Mama," akasema, "mutanisamehe, nimesikia. Munaongea Kiswahili. Njo nini hiyo jini munalilia?"

Alikuwa Mkongo, Mama Furaha, wa kutoka Uvira, na ndiyo yetu wao huiita njo. Sijui watu wa kwao wote wana sauti ile au ni yeye peke yake, lakini ukimsikia unatamani kukaa karibu naye. Nikamwambia. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauegemea ule mpini, akacheka kimya kimya, mabega yanatikisika, machozi yanamtoka, na wale watu wa viatu wote wakainua vichwa kwa mara ya kwanza.

"Mama, haiko jini ya shetani," alisema alipopata pumzi. "Ile ni kitu ya mwili. Iko sawa na maandishi, kidogo kidogo, ndani ya nyama yako. Unapata kwa mama, unapata kwa baba. Mi nilifundishaka ile ku masomo, kule Uvira, mbele ya vita."

"Hata huyu wangu nilimrithi," nikamwambia mwalimu yule wa kabla ya vita.

"Sawa. Lakini hii hapa haijue hadithi hata moja. Iko mujinga. Inajua tu kuotesha nyama, inasema ota, ota, ota. Ile dawa itaenda kuyiambia nyamaza. Njo vile tu."

Iko mujinga. Wallahi, sikuwahi kusikia maneno yaliyonipumzisha kama hayo. Nilikuwa nimebeba ulimini mgeni wa heshima, kumbe ni mjinga mmoja anayepiga kelele.

Nasra akarudi na chai, akatukuta tunacheka, akadhani tumerukwa na akili. Baba yake akamweleza. Nikamwuliza, kwa nini siku ile hakumwambia daktari nilivyosema? Alimwambia nini? Akaziweka chai chini, akanijibu kwa Kiswahili, na hilo lilikuwa jambo.

"Niliona haya, Mama. Nikasema unataka muda kufikiri."

Wiki tatu. Nilitaka kumgombeza. Nilipomtazama nikamwona alivyo, mtu mzima, ana kazi ofisini, amevaa koti zuri, na midomo inamcheza kama alipokuwa na miaka minne amevunja kikombe. Na mimi je, ni nani aliyemtia haya ya lugha, kama si mimi niliyekuwa nikimcheka kila akikosea mbele ya wageni? Nilikuwa nikimfanya ndiyo sehemu ya kuchekesha ya hadithi zangu. Nikamvuta, tukakaa hivyo. Wewe ikiwa mwanao ndiye mfasiri wako, basi mwombe mfasiri mwengine, wa kazi hiyo, hospitali wanao ukiuliza. Mtoto asipewe kufasiri kifo cha mama yake.

Tulipoingia, daktari aliambiwa yote, mpaka haluwa. Hakucheka. Aliuliza hadithi zenyewe zinahusu nini. Nikamwambia zinahusu paka, wafalme, na wanawake wenye akili. Akasema angependa siku moja asikie moja. Nikatia sahihi, jina lote, kwa herufi zangu za Jumanne.

Sindano nilipigwa siku kama kumi kabla ya Ramadhani. Dawa yenyewe ina rangi ya zambarau iliyoiva. Kuanzia dakika ile mwili mzima unakuwa unaogopa mwanga, si ulimi tu, maana dawa imekwenda kila mahali, na popote itakapoona taa kali itaamka na kuunguza. Walikuwa wametayarisha kofia pana, glavu, na miwani ya kunipeleka nyumbani. Mimi nikafungua mkoba wangu, nikatoa buibui langu la zamani, lile la kufunga kichwani, la kitambaa kizito, si haya mepesi ya siku hizi. Nesi akalifunika juu ya kipimo chake cha mwanga, akasoma, akaita wenzake waje watazame. Alisema likikunjwa mara mbili linashinda kofia yake. Nilitoka hospitali ile nikiwa mgonjwa aliyejitayarisha kuliko wote, na barabarani watu wakinikodolea macho kwa sababu nyengine kabisa.

Siku nne nikakaa gizani dawa ikienea. Siku ya tano wakanilaza usingizi, wakaniingiza waya mwembamba mdomoni wenye taa nyekundu nchani, na kazi ikaisha kwa muda mfupi kuliko kukaanga samaki. Ndivyo alivyoniambia Baba Nasra, na yeye hajawahi kukaanga samaki.

Maumivu sitayapamba. Ulimi ulivimba ukajaza mdomo, ukageuka mweupe, halafu mweusi, halafu ukaanza kubanduka. Walinilisha kwa mpira wa puani siku kadhaa. Mate yalikuwa yanamwagika, nikawa nalala na taulo. Kusema, hakuna. Nikapewa daftari la kuandikia, na kwa kuwa haraka haraka naandika herufi za Kiarabu kuliko za Kizungu, niliandika Kiswahili kwa Kiarabu. Baba Nasra akisoma. Nasra hakuweza kusoma hata moja. Anakaa ananitazama naandika, anangoja baba yake aje.

Nyumbani mapazia yalikuwa mazito, na juu yake tumetundika mablanketi. Taa moja dhaifu nyuma ya kabati. Televisheni mbali. Kila siku naruhusiwa mwanga kidogo zaidi, kwa kipimo, kama mtoto anayeachishwa ziwa. Siku moja ya jua, nikasikia barua inaanguka, nikanyosha mkono chini ya mlango wa mbele pale penye kidirisha cha kioo. Nukta chache tu, hata dakika haikutimia, jua la Disemba lisiloweza kukausha soksi. Mkono ukaiva mpaka jioni ukatoa malengelenge. Alama ninayo. Basi usidharau.

Lakini hapa sasa ndipo pana rehema. Ramadhani mwaka ule iliingia katika siku fupi za baridi, magharibi yanaingia karibu saa kumi. Mimi sikuweza kufunga, mgonjwa hafungi. Niliumia kwa hilo, ilikuwa mara ya kwanza tangu nilipovunja ungo kukaa Ramadhani nzima bila kufunga. Baba Nasra aliona. Siku ya pili ya mfungo, adhana ilipolia kwenye redio, hakuigusa tende yake. Alinyanyuka kwanza, akaondoa blanketi, akafungua pazia. Nje giza, taa ya barabarani mbali, mvua. Akanivuta kiti mpaka dirishani. Akasema, "Wewe umefunga mwanga, Mama Nasra. Haya, futuru." Ndipo akala tende yake.

Ikawa hivyo kila siku mwezi mzima. Mchana tunafunga wote wawili, kila mtu na chake. Magharibi yeye anapata maji, mimi napata barabara. Nilikuwa nayatazama mabasi yakipita kama mtu anayekula biriani.

Niruke mbele, maana wewe unataka kujua niliponaje. Majira ya kuchipua wakakata kinyama tena, wakakipima, hakuna kitu. Majira ya joto tena, hakuna. Kila miezi mitatu, halafu kila sita, halafu kila mwaka. Mara moja tu waliona doa wakaniogopesha, ikawa ni jino limekwaruza. Ulimi una kovu, upande ule hauonji chumvi, na pilipili imekuwa adui. Tambuu sijatia mdomoni tena, na Kingsbury nikipita siteremki. Wengine waliojaribiwa dawa ile pamoja nami haikuwasaidia, walirudi kwenye kisu, nami nawaombea, na siwezi kukwambia kwa nini mimi na si wao. Mama Furaha alipata kazi kwenye skuli, Stratford, kusaidia watoto darasani. Tunaandikiana.

Lakini nimeiruka siku moja, na kwa kweli ndiyo iliyonifanya nikae kuandika.

Ilikuwa siku za mwisho za Ramadhani. Uvimbe ulikuwa umekwisha. Mwanamke wa hospitali anayewafundisha watu kusema tena alikuja nyumbani, akaniambia jaribu sasa, kidogo kidogo, ila zile herufi za nyuma ya ulimi, ka na ga, huenda zichelewe, na huenda zisirudi, maana ndipo taa ilipopiga. Nikamwitikia kwa kichwa. Alipoondoka, sikujaribu. Siku ya kwanza, siku ya pili, wiki. Baba Nasra ananibembeleza, naandika kwenye daftari: inauma. Ilikuwa haiumi tena. Niliogopa. Madhali sijafungua mdomo, nilikuwa bado ni Bi Mize.

Nasra alikuwa anakuja kila jioni akitoka kazini. Jioni ile baba yake alikuwa msikitini, kwa hiyo hapakuwa na wa kusoma daftari. Mimi na yeye gizani, taa moja nyuma ya kabati. Akanifunika miguu, halafu akasema kwa Kiswahili, "Basi leo nitakupa mimi."

Akaanza ile ya bibi kizee aliyemtuma paka sokoni kununua samaki. Nilikuwa nikimsimulia alipokuwa mdogo, sikujua kama anaikumbuka. Aliisema vibaya, ewe! Paka ilikwenda, samaki alinunuliwa na wao, kikapu walikuwa mtupu. Alikuwa anasimama katikati ya neno, analitafuta, halioni, anachukua la jirani yake. Lakini alikuwa anashusha sauti pale pa kushusha, na paka alipokuwa anajilamba masharubu njiani, yeye alijilamba kidole, vile vile hasa ninavyofanya mimi. Sijawahi kumfundisha. Mwili wangu wote ulikuwa unamsahihisha, nimekamata mkono wa kiti.

Akafika mwisho. Paka amerudi na kikapu kitupu, anasema sokoni hapakuwa na samaki, na mdomo unanuka.

"Bibi akakasirika," alisema Nasra, "akachukua upawa, akampika paka."

Akaegemea kiti, akiridhika. Nami nikamwona yule bibi ana paka chunguni, anakoroga kwa upawa, anaonja chumvi. Kicheko kilianzia tumboni, sikukiita, kikaja na neno limekipanda mgongoni.

"Akampiga," nikasema.

Lilikuwa zito, lina mate, limepinda upande mmoja. Lakini ka ilikuwamo, na ga ilikuwamo.

Nasra aligeuka polepole. Machozi yalikuwa yanamshuka na alikuwa anatabasamu, hakuyafuta.

"Akampika?" akauliza tena, kwa makusudi, mjanja yule.

"Akampiga," nikamwambia. "Haya, anza tena mwanzo. Na paka *alikwenda*."